Nani Alichagua Rangi? Madirisha ya Enzi ya Victoria na Karakana Zilizoyatengeneza

Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Philip, katikati ya jiji la Birmingham, yapo madirisha manne ya vioo vya rangi ambayo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora zilizotoka Uingereza katika karne ya 19. Matatu yako upande wa mashariki, nyuma ya altare: Kupaa kwa Kristo, lililowekwa mwaka 1885, kisha Kuzaliwa na Kusulubiwa, yote mawili ya mwaka 1887. La nne, Hukumu ya Mwisho, liko magharibi na ni la mwaka 1897. Kwa kawaida yote hutajwa kwa jina moja, Edward Burne-Jones, mchoraji aliyezaliwa katika jiji hilohilo mwaka 1833 na kubatizwa katika kanisa hilohilo. Jina hilo si kosa, ila halitoshi. Burne-Jones ndiye aliyechora malaika, wachungaji na umati wa watu walioinua nyuso zao juu, lakini michoro yake ya madirisha aliifanya kwenye karatasi, kwa kawaida bila rangi. Mtu anayeingia humo asubuhi, jua likiwa nyuma ya altare, kinachomsimamisha kwanza si mistari ya mchoro. Ni wekundu unaowaka kama makaa, na buluu inayouzunguka.

Rangi hizo, kwa madirisha matatu ya mashariki, zilichaguliwa na William Morris, mwenye karakana. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tumezoea kulisoma dirisha la rangi kama tunavyosoma picha ya ukutani, tukimtafuta aliyeshika penseli na kumpa sifa zote, ilhali sanaa ya dirisha la enzi ya Victoria ilikaa zaidi kwa yule aliyesimama mbele ya rafu za vioo akiamua kipande kipi kikae wapi, na kwa mafundi wa tanuri waliompa vioo vinavyostahili kuchaguliwa. Tukiliona hilo, hata ule ugomvi wa zamani kati ya wanaosifu wasanii na wanaodharau karakana kubwa za biashara unabadilika sura.

Kwanza ni lazima tuelewane dirisha la namna hii ni kitu gani, kwa sababu wengi hudhani ni kioo cheupe kilichopakwa rangi. Sivyo. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe: mchanga, magadi na chokaa vinapoyeyushwa tanuruni, huongezwa oksidi ya madini, na kila madini hutoa rangi yake. Kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani au nyekundu kutegemea hali ya tanuri, manganizi hutoa zambarau, na dhahabu kidogo sana hutoa waridi. Nyekundu ya shaba ina ukaidi wake, maana ikijaa unene wote wa kioo huwa nzito hata kuonekana nyeusi; kwa hiyo tangu Zama za Kati mafundi walivika kioo cheupe ngozi nyembamba ya nyekundu, na fundi wa karne ya 19 aliweza kuila ngozi hiyo kwa asidi kali pale alipotaka weupe utokeze. Kinachopakwa kwa brashi ni wino wa kahawia au mweusi tu, uliotengenezwa kwa oksidi ya chuma au ya shaba iliyosagwa pamoja na unga wa kioo, nao hutumika kuchora macho, vidole, mikunjo ya nguo na vivuli. Kioo kilichochorwa huingizwa tanuruni, katika joto la nyuzi zipatazo 600 za Selsiasi, mpaka wino huo ushikamane nacho. Kuna pia rangi ya manjano itokanayo na fedha, ambayo hupakwa upande wa nyuma wa kioo na kuzama ndani yake kwa moto, ikitoka njano ya limau au ya asali kufuatana na joto iliyopata.

Baada ya hapo vipande huunganishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mifereji pande mbili, maungio yakalehemiwa, na mapengo yakazibwa kwa lipu ya chaki na mafuta ya kitani. Mistari myeusi tunayoiona dirishani ndiyo risasi hiyo. Fundi mzuri huipitisha mahali ambapo mchoro wenyewe unahitaji mstari, kwenye ukingo wa bawa au mkunjo wa joho. Fundi mbaya huikatisha shingoni mwa mtakatifu.

Ujuzi huu ulikuwa umepotea kwa kiasi kikubwa Uingereza. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, sanamu na madirisha mengi yalivunjwa, na katika karne ya 18 waliobaki katika kazi hiyo walichora juu ya vioo vyeupe kwa rangi za kuchomwa, kana kwamba kioo ni turubai. Mfano unaojulikana sana ni dirisha la magharibi la kanisa la New College, Oxford, ambalo Joshua Reynolds alilichora na Thomas Jervais akalihamishia kwenye kioo. Ni picha ya heshima, lakini haina mwanga wa ndani, kwa sababu rangi imekalia kioo na kuzuia nuru badala ya kuipitisha.

Mahitaji yalirudi kwa kishindo katika karne ya 19. Wakatoliki walipata haki zao za kiraia mwaka 1829 wakaanza kujenga makanisa. Ndani ya Kanisa la Anglikana, watu wa vuguvugu la Oxford, na wale wa chama cha wapenda majengo ya kale kilichoanzishwa Cambridge mwaka 1839, walitaka altare, mishumaa na rangi virudi kanisani. Ushuru uliokuwa ukitozwa vioo tangu karne ya 18 uliondolewa mwaka 1845. Miji ya viwanda ilikuwa na matajiri wapya waliotaka kuwakumbuka wafu wao, na dirisha la ukumbusho likawa heshima kubwa kuliko jiwe la kaburi. (Wimbi hilohilo la Waanglikana ndilo lililowaleta Unguja wamisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, na Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, ni la ukoo huo.)

Kwa hiyo wateja walikuwepo, na wachoraji walikuwepo pia. Kilichokosekana ni kioo chenyewe. Nadhani hili ndilo jambo lisilopewa uzito wake katika simulizi nyingi za zama hizi. Viwanda vya miaka ya 1830 na 1840 viliweza kutoa kioo safi kuliko kilichowahi kuonekana duniani: chembamba, laini, chenye rangi sawasawa toka ukingo hadi ukingo, bila povu wala doa. Kwa dirisha la nyumba ya kawaida, hizo ni sifa, lakini kwa dirisha la kanisa ni maafa. Nuru hupita moja kwa moja bila kizuizi, jicho likafuata hadi kwenye miti na mapaa yaliyo nje, na rangi ikabaki bapa na kavu kama karatasi ya kufungia peremende. Kioo cha karne ya 13 kilikuwa kinene hapa na chembamba pale, kimejaa povu na chembe za taka, na nuru ilipokipitia ilivunjika na kutawanyika ndani yake, kiasi kwamba kipande kimoja cha buluu kilikuwa na buluu tatu au nne. Baadhi ya karakana, zilipoona madirisha yao mapya hayafanani na ya kale, zilipaka wino mwembamba juu ya vioo ili kuiga uchafu wa karne nyingi. Waliona vyema kwamba kuna kitu kimekosekana, lakini walikitafuta mahali pasipo.

Aliyekitafuta mahali pake hakuwa fundi wala msanii. Charles Winston, aliyezaliwa mwaka 1814, alikuwa mwanasheria aliyetumia siku zake za mapumziko kuzunguka makanisa ya Uingereza akinakili madirisha ya kale. Mwaka 1847 alitoa kitabu kuhusu tofauti za mitindo ya vioo vya kale bila kuweka jina lake, akijitambulisha tu kama mtu asiye wa fani. Lakini hakuridhika na mitindo. Alichukua vipande vya kioo cha Zama za Kati akavipeleka kwa mkemia vipimwe, ili ijulikane kina nini ndani, kisha akashirikiana na kiwanda cha James Powell na Wanawe, kilichokuwa eneo la Whitefriars jijini London, kufanya majaribio ya kuyeyusha upya kioo cha namna ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 majaribio hayo yalifaulu. Winston alifariki mwaka 1864. Kwa maoni yangu, yeye na mafundi wa tanuri wa Whitefriars wana haki kubwa zaidi ya kuitwa waanzilishi wa dirisha jipya la Kiingereza kuliko mchoraji yeyote wa wakati wao.

Yafaa kueleza kioo hicho kilivyotengenezwa, maana uzuri wake ulitokana na namna ya kukifanya. Fundi alichota donge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akalipuliza huku akilizungusha na kulibembeza, hadi likawa mfano wa chupa ndefu. Ncha zote mbili zilikatwa, ikabaki silinda. Silinda ikapasuliwa kwa urefu wake, kisha ikarudishwa katika joto la tanuri na kufunguliwa taratibu mpaka ikalala bapa kama jamvi. Kila hatua iliacha alama yake: mikwaruzo, mawimbi, viputo, unene usiolingana. Hakuna karatasi mbili za kioo zilizofanana, na hata karatasi moja ilikuwa na upande mzito na upande hafifu. Ndiyo maana mchaguzi wa rangi alikuwa na la kuchagua. Akitaka joho lenye kivuli begani na mwanga gotini, hakulazimika kupaka wino. Alitafuta kipande ambacho kilikuwa tayari na kivuli hicho ndani yake, akamwelekeza mkataji apitishe almasi yake pale na si kwingine.

Kiwanda hichohicho cha Powell kilikuwa pia na biashara ya unyonge zaidi. Tangu mwaka 1844 kilikuwa na hataza ya vigae vidogo vya kioo vyenye mapambo, vilivyogandamizwa kwa mashine, ambavyo parokia maskini ingeweza kununua kwa bei nafuu na kujaza madirisha yake. Wapo wanaoona haya kwa niaba ya kiwanda hicho. Mimi sioni aibu yoyote: mtambo uliotoa vigae vya bei rahisi na tanuri lililotoa kioo cha kifahari vilikuwa chini ya paa moja, na dirisha la mstari wa mbele katika historia ya sanaa lilitokana na kampuni iliyojua kuuza pia kwa wasio na kitu.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mwaka 1853 mhakiki wa sanaa John Ruskin aliandika insha maarufu kuhusu tabia ya usanifu wa Kigothi, yaani mtindo wa makanisa ya Zama za Kati, akidai kwamba mgawanyo wa kazi viwandani haugawi kazi bali unamgawa mtu, na kwamba jengo la kale lilikuwa zuri kwa sababu fundi wake alikuwa huru kufikiri na hata kukosea. Vijana wengi waliisoma insha hiyo kama Injili, Morris akiwa mmoja wao. Tukiuchukua mzani huo, karakana kubwa za London hazina pa kujitetea. Clayton na Bell, walioanza mwaka 1855, walifikia kuwa na wafanyakazi wapatao 300 katika jengo lao la Regent Street, na katika miaka yao ya shughuli nyingi kulikuwa na zamu za usiku ili oda zitimie. Huko mtu mmoja alichora, mwingine akakuza mchoro, mwingine akakata, wengine wakachora nguo, na waliofuzu zaidi wakachora nyuso. Kisha kazi ikaenda kwa wafungaji wa risasi ambao pengine hawakuwahi kumwona mchoraji wa kwanza. Hukumu iliyozoeleka inasema: hiki ni kiwanda, na kiwanda hakizai sanaa.

Hukumu hiyo inayumba mara tu tunapoingia katika karakana ambayo wote wanaisifu. Kampuni ya Morris ilianzishwa mwaka 1861 katika nyumba namba 8, Red Lion Square. Katika maonyesho ya kimataifa ya London ya mwaka 1862, vioo vyake vilikuwa na mwonekano wa kale kiasi kwamba washindani walidai ni vioo vya Zama za Kati vilivyofungwa upya, na kumbe ni vipya vilivyotengenezwa hapohapo mjini. Lakini kampuni hiyo haikuyeyusha kioo chake. Sehemu kubwa iliinunua kutoka kwa Powell wa Whitefriars, kama walivyoweza kununua wengine. Wala haikufuata fikra ya Ruskin ya fundi mmoja anayebeba kazi nzima. Burne-Jones alichora watu, Philip Webb alichora wanyama na kupanga nafasi, Morris alipanga majani ya mandhari na rangi, George Campfield alisimamia mafundi, na wengine wakashika brashi na risasi. Baadhi ya mikono ya mwanzo ilikuwa ya wavulana waliochukuliwa kutoka makao ya watoto maskini ya London. Huo ni mgawanyo wa kazi, tena wa wazi kabisa.

Lipo na jambo la pili ambalo karakana kubwa hulaumiwa: kutumia mchoro mmoja mara nyingi, Mtakatifu Petro yuleyule akitokea katika parokia moja baada ya nyingine. Kampuni ya Morris ilifanya hivyohivyo. Michoro ya Burne-Jones ilihifadhiwa, ikapunguzwa au kukuzwa, ikageuzwa kulia kwenda kushoto, malaika wa kanisa moja akawa malaika wa kanisa jingine, na hali hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa baada ya mchoraji mwenyewe kufariki mwaka 1898, hadi kampuni ilipofungwa mwaka 1940. Kama kurudia mchoro ni dhambi, basi ni dhambi ya wote.

Na hapa ndipo ushahidi ulio bora kuliko wote unapojitokeza, kwa sababu historia imetufanyia jaribio ambalo tusingeweza kulipanga wenyewe. Morris alifariki mwaka 1896. Michoro ilibaki ileile, karakana ya Merton Abbey, ambako kampuni ilikuwa imehamia, ilibaki palepale, mafundi wengi waliendelea na kazi zao, na uongozi wa sanaa ukaenda kwa John Henry Dearle, mtu mwenye kipaji aliyelelewa ndani ya kampuni hiyo. Ukiweka dirisha la miaka ya 1870 kando ya dirisha la miaka ya 1910 lililotokana na mchoro uleule, mistari inalingana, uso ni uleule, mkono umeinuliwa vilevile, lakini moto umepungua. Rangi za awali zinaitana kutoka kona moja ya dirisha hadi nyingine. Za baadaye kila moja imekaa mahali pake kwa adabu. Kama sanaa ingekuwa yote ndani ya mchoro, tofauti hiyo isingekuwepo. Ipo, na jina lake ni jicho la mtu aliyekuwa akichagua vioo.

Kwa hiyo mstari unaotenganisha dirisha zuri na baya wa zama hizo haupiti kati ya karakana ndogo na kubwa, wala kati ya msanii na mfanyabiashara. Unapita mahali pengine: je, kati ya mchoro na tanuri alikuwepo mtu mwenye jicho, mwenye mamlaka, na mwenye muda? Nasisitiza muda. Katika kazi nzuri, vipande vikishakatwa hubandikwa kwa nta juu ya kioo kikubwa cheupe kilichosimamishwa mbele ya dirisha la karakana, ili vitazamwe vikiwa na nuru nyuma yake, kama vitakavyotazamwa kanisani. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kijani kilichopendeza juu ya meza kinaimeza nyekundu iliyo jirani yake. Kipande hutolewa, kingine hutafutwa, na siku hupita. Karakana yenye zamu za usiku ilikuwa na mafundi hodari, na Clayton na Bell walitoa madirisha ya hali ya juu sana, hasa ya miaka yao ya mwanzo. Lakini oda zilipofurika, siku ile ya kutazama ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kukatwa, kwa kuwa mteja hakuweza kujua kama ilikuwepo.

Umbali nao ulifanya kazi ya uharibifu. Msanifu majengo Augustus Pugin, ambaye hakuna aliyeupigania mtindo wa Kigothi kwa bidii kumshinda, alijaribu watengenezaji watatu mmoja baada ya mwingine, Warrington, Willement na Wailes, asiridhike na gharama au matokeo, hadi mwaka 1845 alipomshawishi rafiki yake John Hardman wa Birmingham, aliyekuwa mfua vyuma, aanze kazi ya vioo. Lakini Pugin aliishi Ramsgate, pwani ya kusini-mashariki, zaidi ya kilomita 200 kutoka Birmingham. Michoro ilitengenezwa nyumbani kwake, ambako mpwa wa Hardman, John Hardman Powell, aliishi akijifunza kazi, kisha ikasafirishwa kwa reli kwenda karakana. Barua za Pugin kwa Hardman zimejaa maagizo na malalamiko kuhusu rangi, za mtu mwenye jicho na mamlaka lakini asiyeweza kusimama mbele ya rafu. Alifariki mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 40, na sidhani kama aliwahi kupata dirisha lililolingana kabisa na lile lililokuwa kichwani mwake.

Charles Eamer Kempe alilitatua tatizo hilo kwa njia nyingine, na njia hiyo ina gharama yake. Alitaka kuwa padri, kigugumizi kikamzuia, akaamua kulihudumia kanisa kwa kulipamba. Karakana yake ya London ilifikia kuwa na wafanyakazi zaidi ya 50 kufikia mwaka 1899, wote wakifuata ladha moja bila kukengeuka: kijani kizito, njano nyingi ya fedha, mavazi yaliyotariziwa lulu, mabawa ya malaika yenye manyoya ya tausi. Dirisha la Kempe hutambulika kabla hujafika mlangoni mwa kanisa. Wengi wamelichoka kwa sababu hiyo; mimi naona kwamba uthabiti wa namna hiyo, kwa madirisha mengi kiasi kile, ni mafanikio makubwa ya karakana nzima. Lakini alama iliyowekwa pembeni ilikuwa mganda wa ngano, nembo ya ukoo wake. Alfred Tombleson, aliyesimamia kazi ya vioo, na John Lisle, aliyechora mengi ya madirisha ya baadaye, kwa kawaida hawakuwekewa alama. Kempe alipofariki mwaka 1907, jamaa yake Walter Tower alirithi kampuni, akaongeza mnara mweusi juu ya mganda kwa ajili ya jina lake mwenyewe.

Yapo pia madirisha yaliyopotea nyuso, na hayo nayo yanatufundisha kuhusu nguvu ya malighafi. Katika miaka ya 1860 na 1870, karakana kadhaa zilitumia wino uliochanganywa boraksi, kwa sababu boraksi huufanya ushike kwa joto dogo na hivyo kupunguza gharama na hatari ya kioo kupasuka tanuruni. Ilikuja kugundulika baadaye kwamba wino huo huyeyuka polepole kwa unyevu unaotuama juu ya kioo. Leo kuna makanisa ambamo Bikira Maria ana joho la buluu lisilo na dosari na juu yake kipande cheupe kitupu. Mchoro umekwenda. Rangi, iliyo ndani ya kioo, ingali ikifanya kazi yake.

Waliolielewa somo hili kwa ukamilifu walikuja mwishoni mwa enzi hiyo. Christopher Whall, aliyezaliwa mwaka 1849, alichora madirisha ya kanisa la Mtakatifu Etheldreda huko Ely Place, London, mwishoni mwa miaka ya 1870, kampuni nyingine ikayatengeneza, naye akavunjika moyo alipoona yalivyotoka. Badala ya kutafuta kampuni bora zaidi, alijifunza mwenyewe kukata, kuchora, kuchoma na kufunga risasi, akifanya kazi katika banda la ng'ombe karibu na Dorking. Mwaka 1889 msanifu majengo Edward Prior alibuni aina mpya ya kioo, kilichopulizwa ndani ya kasha la pembe nne kisha kikakatwa pande zake: kinene katikati, chembamba kingoni, chenye mng'ao wa vito. Whall alikipokea kioo hicho kwa furaha, na madirisha yake katika Kanisa Kuu la Gloucester yanaonyesha ni kwa nini: weupe wake wenyewe una rangi. Alikuwa pia mwalimu, na wanafunzi wake walifundishwa kwamba anayechora lazima ajue kioo kwa vidole vyake.

Mmoja wa waliofanya kazi pamoja naye alikuwa Mary Lowndes. Mwaka 1897, yeye na fundi Alfred Drury walifungua karakana yenye fikra ambayo naiona kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko mtindo wowote wa uchoraji: msanii asiye na mtaji wa tanuri na mafundi aliweza kuja na oda yake, akalipia huduma, akachagua vioo mwenyewe kutoka rafuni, akasimama karibu na mkataji na mfunga risasi mpaka dirisha likamilike. Mwaka 1906 walihamia jengo lililojengwa maalumu kwa kazi hiyo huko Fulham. Wanawake, ambao milango ya karakana za biashara ilikuwa imewafungia, walipata hapo mahali pa kufanyia kazi kwa majina yao. Mgawanyo wa kazi haukufutwa, maana Drury na watu wake waliendelea kukata na kufunga risasi kama kawaida. Kilichofutwa ni ule ukuta kati ya penseli na rafu.

Kwa miongo kadhaa katika karne ya 20 vioo vya Victoria vilionekana kuwa vya giza na vya huzuni, na makanisa mengi yaliviondoa ili kupata mwanga mweupe. Vilivyookolewa viliokolewa mara nyingi kwa sababu ya jina la msanii mkubwa, na hasara kubwa iliwafika wale wasio na jina. Madirisha ya Birmingham yalikuwa na bahati. Vita vilipokuja, mafundi waliyashusha kipande baada ya kipande, yakafungashwa na kupelekwa kuhifadhiwa katika mgodi huko Wales. Mwaka 1940 mabomu ya moto yakaliunguza kanisa, na fremu za mawe zilikuwa tupu. Vita vilipokwisha yalirudishwa na kupachikwa upya mahali pake na mikono ya mafundi wa vioo, nao pia majina yao hayamo katika maelezo anayopewa mgeni mlangoni.